Aliyepisha Hakutolewa: Kiswahili cha Soka Kinavyouponza Mpira wa Vikapu

MUHULA wa kwanza mwaka huu nilikwenda nyumbani Kabuchai kwa shughuli za ukoo, nikajikuta nimeketi kwenye benchi la mbao kando ya uwanja wa saruji wa shule moja isiyo mbali na soko la Chwele. Wasichana walikuwa wanacheza mpira wa vikapu. Sikuwa nimekwenda kutafuta mada ya safu hii. Mjukuu wangu, binti wa mtoto wa ndugu yangu, alikuwa miongoni mwa wachezaji, na mzee wa miaka sitini na ushei akiambiwa na mjukuu "Kuka, uje unione," haulizi maswali mengi. Kuka, kwa Lubukusu, ni babu.

Mwanzoni mwa robo ya nne kocha alimwona anahema, akampumzisha. Dakika zikayoyoma. Zilipobaki kama mbili hivi, timu yake ikiwa nyuma kwa alama moja, binti alisimama, akaenda mwenyewe hadi kwenye meza ya wasimamizi, akapishanisha mikono kifuani kama walivyofundishwa. Kijana aliyekuwa akiandika alama alimtazama, akapekua karatasi iliyokuwa mbele yake, akasema: "Wewe ulishatolewa. Ngoja awamu nyingine."

Kocha akaja mbio. Refa akaitwa. Karatasi ikasomwa kwa sauti mbele ya wote: mchezaji aliyetolewa hatarudi uwanjani hadi awamu nyingine ya mchezo. Sasa, robo ya nne ndiyo robo ya mwisho. Hiyo awamu nyingine ingetoka wapi? Mechi iliisha mjukuu wangu akiwa benchi na taulo mabegani, na timu yake ikashindwa kwa alama ile ile moja.

Jioni, tukinywa chai, aliniuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Kuka, kwani nilifanya kosa gani?"

Hakufanya kosa lolote. Kosa lilifanywa na sentensi. Na kwa kuwa sentensi ndiyo kazi iliyonilisha kwa miaka mingi, niliiomba ile karatasi nikaenda nayo. Ilikuwa ya kurasa mbili, muhtasari wa sheria za mpira wa vikapu kwa Kiswahili, uliotayarishwa na mwalimu mmoja kwa hiari yake ili kuwasaidia vijana wanaokaa mezani. Naomba nieleweke mapema: nampongeza mwalimu huyo. Aliona kwamba kitabu cha sheria kwa Kiingereza ni kinene na wasaidizi wake ni wanafunzi, akafanya alichoweza. Lakini tafsiri ni tafsiri, iwe ya tamthilia au ya sheria za mchezo, na ninataka kuisoma hii kama ninavyosoma nyingine yoyote.

Tuanze na sheria yenyewe. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIBA, lililoasisiwa Geneva mwaka 1932, limetenga kifungu kizima, cha 19, kwa suala la wachezaji kupishana. Kwa ufupi kinasema hivi. Timu huwa na wachezaji 5 uwanjani. Aliye benchi na mwenye ruhusa ya kucheza anaweza kuingia. Aliye ndani akatoka, kisha akarudi, kisha akatoka tena, mara nyingi kadiri timu inavyotaka. Hakuna hesabu. Kilichowekewa mipaka ni wakati. Mlango hufunguka mpira ukiwa umekufa, saa ya mchezo imesimama, na refa amemaliza kuwasiliana na meza. Au mtupo huru wa mwisho ukishaingia. Hufungwa pale mchezaji anapokabidhiwa mpira ili aurushe kutoka nje, au ili apige mtupo huru wa kwanza. Na aliyetoka hawezi kurudi papo hapo kupitia mlango ule ule: sharti kwanza saa itembee, kisha mpira ufe tena.

Isome hiyo sentensi ya mwisho mara ya pili. Saa itembee. Haisemi itembee kwa muda gani. Hata sekunde 3 zinatosha. Mjukuu wangu alikuwa amekaa benchi kwa dakika kadhaa, saa ikatembea na kusimama sijui mara ngapi. Haki yake ya kurudi ilikuwa kamili. Ilimezwa na neno moja: awamu.

Kitabu cha Kiingereza kinazungumzia kipindi ambacho saa inatembea, lakini kinatumia neno ambalo katika orodha zetu za istilahi limezoeleka kutafsiriwa awamu. Mwalimu aliona neno, akakumbuka kisawe chake, akakiandika. Lakini awamu kwa Mkenya wa kawaida ni nini? Ni awamu ya kwanza ya mradi wa barabara, ni awamu ya pili ya usajili wa wapigakura, ni awamu ya makundi katika Kombe la Dunia. Ni kipande kikubwa cha wakati chenye mwanzo na mwisho unaotangazwa. Kijana wa mezani alisoma awamu akaona robo. Ningekuwa yeye, ningeona hivyo hivyo. Kisawe kilikuwa sahihi kwenye orodha na kikawa uongo uwanjani.

Neno la pili lililomponza binti ni kutolewa, na hili ni zito zaidi kwa sababu halikutoka kwenye kitabu chochote. Limetoka kwetu sisi wenyewe.

Kiswahili chetu cha michezo kililelewa na soka. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka Jumamosi za redio, sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela ikitupeleka uwanjani na sisi tuko shambani tunapalilia mahindi. Kizazi kile cha watangazaji kilitujengea lugha kamili ya soka kutoka karibu sifuri, na tunawadai shukrani kwa hilo. Lakini kila nyumba hujengwa kwa kipimo cha mwenye nyumba. Katika soka ya ushindani wa juu, anayetoka ametoka. Kombe la Dunia lenyewe liliruhusu wachezaji kubadilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970, tena wawili tu kwa kila timu. Mtu akitoka anavaa koti lake, anakaa, mechi kwake imekwisha. Kwa mchezo wa namna hiyo, kitenzi kutolewa hakina ubaya. Kina mwisho ndani yake, na soka nayo ina mwisho ndani yake.

Basi tukalizoea neno mpaka likabeba mizigo mitatu. Mchezaji akichoka na mwenzake akaingia, ametolewa. Mchezaji akioneshwa kadi nyekundu, ametolewa. Timu ikishindwa kwenye mtoano, imetolewa. Katika soka muktadha huokoa. Tunajua ni lipi kati ya hayo matatu kwa sababu tumeiona kadi au tumeuona ubao wa namba ukiinuliwa kando ya mstari. Lichukue neno hilo hilo ulitie katika mpira wa vikapu, halafu uone.

Mpira wa vikapu unatenganisha hali ambazo sisi tunazichanganya. Kwa mujibu wa sheria zake, mwanatimu aliye uwanjani na mwenye haki ya kucheza ni mchezaji. Asiyekuwa uwanjani lakini mwenye haki ya kucheza ana jina lake tofauti. Aliyetimiza makosa 5 ana jina la tatu; huyo hana tena haki ya kucheza katika mechi hiyo, na ni lazima mwingine achukue nafasi yake ndani ya sekunde 30. Kuna na wa nne, aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, ambaye hata benchi haruhusiwi kukaa. Hali nne, na kati ya ile ya kwanza na ya pili mtu huvuka kwenda na kurudi siku nzima, bila lawama na bila adhabu. Kuzifunika hali ya pili, ya tatu na ya nne kwa kutolewa ni sawa na kumwita mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, aliyetoroka wadi na aliyefariki kwa neno moja, "ameondoka", kisha kumwachia karani wa hospitali akisie.

Na ndicho alichofanya kijana wa mezani. Alikisia. Ndiyo maana binti aliuliza amefanya kosa gani. Sikio lake la Kiswahili lilikuwa sahihi kabisa. Mtu hutolewa kwa sababu.

Kinachonishangaza ni jinsi sheria inavyojali dakika ambayo hali hubadilika. Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962, alituonyesha kwamba baadhi ya semi hazielezi jambo, zinalifanya. Mwenye mamlaka akisema "nawatangaza mume na mke", jambo limekwisha kutendeka. Wanafunzi wangu wa isimu hulijua hili kwa jina la nadharia ya Vitendo Uneni. Sasa mtazame refa wa vikapu. Aliyeomba kuingia anasubiri nje ya mstari. Refa anapuliza filimbi, anapishanisha mikono kifuani, kisha anamwita kwa kiganja. Kiganja kile kinapoita, wa benchi anakuwa mchezaji na mchezaji anakuwa wa benchi, papo hapo, hata kabla ya miguu yao kupishana. Anayetoka hatakiwi kuripoti kwa mtu yeyote. Anakwenda moja kwa moja kuketi. Hakuna aliyemtoa. Kilichofanyika ni kubadilishana hali, kama watu wawili wanavyopokezana zamu langoni.

Turudi kwenye karatasi. Sentensi yake nyingine ilisema mabadiliko yafanywe mpira ukisimama. Msomaji, hebu jiulize: mpira unasimama lini? Kikapu kikifungwa, mpira unapita kwenye wavu, unadunda mara mbili tatu, kila mtu anashusha pumzi. Kwa macho ya kawaida, mpira umesimama. Lakini sheria inatofautisha vitu viwili hapa. Mpira umekufa, ndiyo, saa haijasimama. Kwa sehemu kubwa ya mechi saa huendelea kutembea baada ya kikapu, na kwa hiyo mlango wa kupishana haufunguki. Inapofika dakika 2 za mwisho za robo ya nne ndipo saa husimama kila kikapu kinapofungwa, na hapo timu iliyofungwa ndiyo yenye haki ya kuomba.

Kwa hivyo kipo kifo cha mpira na kipo kisimamo cha saa. Wengine watasema mpira kufa ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Sikubaliani nao. Watoto wanaocheza uani husema mpira umekufa bila kumwomba mtu ruhusa, nami sioni sababu ya kuwapokonya. Mpira unakufa na kufufuka. Saa inasimama na kutembea. Vitenzi vinne, picha mbili, hakuna wa kuchanganyikiwa. Aliyeandika mpira ukisimama alichukua kitenzi cha saa akaupa mpira, na sheria ikapotea katikati.

Tazama pia lile fungu, timu iliyofungwa. Kiingereza cha kitabu kinalazimika kusema timu ambayo haikupata kikapu. Sisi tunatia kiambishi cha kutendwa kwenye funga, tunamaliza. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo watakaosoma makala haya wakasema: si mliona, Kiswahili hakiwezi, rudini kwenye Kiingereza. Kiswahili kinaweza. Kuna mahali kinaweza kuliko Kiingereza. Kinachotakiwa ni mtu akae na sheria mpaka aielewe, kisha aiseme, badala ya kukimbizana na neno mojamoja.

Sentensi ya tatu ya karatasi ilisema kocha atabadilisha wachezaji kwa kuwaarifu wasimamizi. Hapa tumefika penye kosa linalonigusa kuliko yote, kwa sababu linahusu nani ana mdomo. Sheria inasema kinyume. Anayeomba mapumziko mafupi ya timu ni kocha au msaidizi wake wa kwanza. Lakini anayeomba kuingia uwanjani ni mchezaji mwenyewe wa benchi. Yeye, wala si kocha, ndiye anayekwenda mezani akiwa tayari kucheza, anaonesha ishara kwa mikono au anaketi kwenye kiti kilichowekwa kwa kazi hiyo. Kocha anaweza kumwambia "nenda", sawa. Ila mbele ya meza, haki ni ya mchezaji.

Sasa sikiliza Kiswahili chetu cha magazetini, pamoja na hili unalolisoma: kocha alimwingiza fulani, kocha alimtoa fulani, fulani akaingizwa, fulani akatolewa. Mnyambuliko wetu wa vitenzi ni hazina, lakini tazama tunavyoutumia. Tumechukua ingia tukaifanya ingiza, tumechukua toka tukaifanya toa, na kila mara kocha ndiye kiima na mchezaji ndiye yambwa. Wachezaji wamekuwa kete za bao. Kisarufi hakuna kosa. Kocha kweli ndiye anayepanga. Lakini vijana wa mezani wakilelewa na sarufi hiyo, siku msichana anapokuja mwenyewe kuomba, wanamwona kama mtu aliyekosa adabu. Mjukuu wangu aliniambia kwamba kabla hata karatasi haijasomwa, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Umetumwa na nani?"

Kuna na utata wa kauli ya kutendwa ambao kila mhariri wa michezo anapaswa kuuogopa. "Wekesa alibadilishwa na Barasa." Hebu niambie, Barasa ni nani? Ni kocha aliyefanya uamuzi, au ni mchezaji aliyeingia? Sentensi inaruhusu yote mawili, kwa kuwa kihusishi na baada ya kauli ya kutendwa humtaja mtenda, na katika tendo hili watenda wako wawili. Waandishi wetu hukwepa mtego huo kwa kusema nafasi yake ikachukuliwa na Barasa, na hapo nawapa heko. Isitoshe, fungu hilo lina ukweli wa kisheria wanaoweza kujivunia. Mchezaji aliyepaswa kupiga mitupo huru akiumia, anayeingia badala yake ndiye hupiga mitupo hiyo. Kweli amechukua nafasi, na madeni yake.

Nimesema kosa limetoka kwetu. Lazima sasa niseme limetoka kwangu. Nilipomtafuta mwalimu aliyetayarisha karatasi ile, nikiwa nimejiandaa kumpa nasaha za kistaarabu, alinisalimu kwa uchangamfu: "Shikamoo, Profesa. Hunikumbuki? Ulitufundisha tafsiri mwaka wa tatu." Akanionyesha, kwenye simu yake, picha ya orodha ya istilahi aliyoitunza tangu chuoni. Ilikuwa orodha yangu. Awamu ilikuwa pale, mkabala na neno lake la Kiingereza, bila mfano hata mmoja wa matumizi, bila onyo lolote. Nilikuwa nimewapa wanafunzi misumari nikasahau kuwaambia kwamba si kila kitu ni ubao.

Kwa miaka mingi sisi walimu wa Kiswahili tumepima maendeleo ya lugha kwa wingi wa visawe. BAKITA kule Tanzania imetoa orodha, vyuo vikuu vimetoa orodha, nami nimetoa yangu. Orodha zina kazi yake. Lakini sheria haiishi kwenye orodha; inaishi kwenye sentensi, na sentensi inaishi mdomoni mwa kijana wa kidato cha pili ambaye ana sekunde 5 za kuamua huku kocha wawili wanamfokea. Tafsiri ya sheria za mchezo isipopimwa hapo, haijapimwa.

Tena mchezo wenyewe haukuzaliwa na uhuru huu. James Naismith alipouanzisha pale Springfield, Marekani, mwezi wa Desemba 1891, sheria zake 13 zilitaja suala la mchezaji wa badala kwa kukataza tu: aliyeonekana kukusudia kumwumiza mwenzake alitolewa kwa mechi nzima, na timu haikuruhusiwa kuingiza mwingine. Miaka ya 1920 sheria za Marekani zikamruhusu aliyetoka arudi mara moja. Miaka ya 1930, mara mbili. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, mara zisizo na idadi. Maana yake, hata wenye mchezo walianza na kutolewa, wakahitaji zaidi ya nusu karne kufika kwenye kupishana. Sisi tumerithi mchezo ukiwa umeshafika, halafu tukaurudisha mwanzo kwa kitenzi.

Na haya hayatabaki kuwa mambo ya uwanja wa saruji wa Kabuchai. Februari 2021 timu ya taifa ya wanaume iliifunga Angola 74 kwa 73 kule Yaoundé, kwa mtupo wa Tylor Ongwae sekunde za mwisho, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Kikapu ya Afrika. Watu wanatazama, watoto wanauliza, na sisi tunawajibu kwa Kiswahili cha soka.

Basi tufanyeje? Sina haja na maneno mapya ya kutisha. Nimesikia vijana wakisema sabu, amepigwa sabu, na sina ugomvi na utohozi. Ni neno fupi na linaeleweka. Tatizo ni kwamba hata sabu, ikishapigwa, mchezaji amegeuka mtendwa tena. Mchezaji wa akiba nalo ni neno zuri. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba huwekwa kwa ajili ya siku ya shida, na katika vikapu aliyeanza mechi anaweza kuwa benchi dakika ya sita huku wa "akiba" akifunga vikapu. Tukilitumia, tukumbuke kwamba ni hali ya mtu kwa dakika hiyo. Si cheo chake.

Kitenzi ninachokipendekeza tunacho tayari: kupisha. Mwenye kupisha hana hatia. Tunapisha wazee mlangoni, tunapisha magari darajani, na aliyepisha hupita baadaye. Kinanyambulika vizuri: pisha, pishana, pishwa. Mchezo wa vikapu vya watatu kwa watatu, uliochezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, umekifanya kitenzi hicho kionekane kwa macho. Humo refa hahitajiki kutoa idhini: mpira ukiwa umekufa, anayetoka anavuka mstari wa mwisho ulio mkabala na kikapu, anagusana na mwenzake, naye anaingia. Wanapishana kwa kugusana. Na sisi Wabukusu tusione ugeni. Majina ya marika yetu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa na mengine, yamekuwa yakizunguka vizazi kwa vizazi. Rika likiisha jina lake halifutwi. Linapisha mengine hadi zamu yake irudi.

Kutolewa tuwaachie waliotolewa. Aliyetimiza makosa 5 tuseme ametimiza makosa. Aliyefukuzwa tuseme amefukuzwa. Wa benchi aombe kuingia, nasi tuandike kwamba aliomba. Mpira ufe na ufufuke, saa isimame na itembee.

Kabla ya kuondoka Kabuchai nilikaa na yule mwalimu na mjukuu wangu tukaiandika upya ile sentensi. Nilikuwa nimeanza hivi: "Mchezaji aliyepumzishwa anaweza kurudi uwanjani, mradi tangu atoke saa imetembea na mpira umekufa tena." Niliona imekaa sawa. Binti aliisoma, akasita.

"Kuka, kwa nini aliyepumzishwa? Kama sijachoka?"

"Ungesemaje wewe?"

"Uwanjani tunaambiana 'nipishe'. Andika aliyepisha."

Mwalimu alicheka, nami nikafuta. Neno nimelipata kwa mtoto wa shule, wala silioni haya. Kisha tukamwita kijana mmoja wa jirani ambaye hajawahi kukaa kwenye meza yoyote, tukampa sentensi mpya, tukamwuliza: huyu dada alitoka mwanzo wa robo ya nne, zimebaki dakika 2, aruhusiwe? Akaisoma mara moja. "Si saa imetembea? Aingie basi."

Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nimekisahau darasani. Kwa wahariri wenzangu wa kurasa za michezo, ombi langu ni dogo. Wiki hii mkitaka kuandika kwamba mchezaji wa vikapu ametolewa, simameni kidogo mjiulize: amepisha, ametimiza makosa, au amefukuzwa? Andikeni lile lililotokea.